Mama Fumba na Fundi Aliyemtafuta Miaka Tisa

Ndugu zetu, majirani zetu, na ninyi mliosimama kule nje ya turubai kwa kukosa viti, familia imenikabidhi karatasi hizi nizisome, mimi mke wa mwanawe wa mwisho, kwa kuwa ndimi niliyeshinda naye nyumbani katika miezi yake ya mwisho. Tarehe zote amezihakiki wifi yangu mkubwa, ila maneno ni yangu, na yakikaa vibaya mnisamehe, shule yangu iliishia darasa la saba.

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Fumba, alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, katika chumba cha mwisho cha nyumba ndefu ya wapangaji iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba mlinzi wa ghala na mama fundi cherehani. Alikuwa mtoto wa kulala mchana, na akiamka alisimulia ndoto zake kama mtu aliyetoka sokoni, nani alikuwepo, amevaa nini, mlango ulikuwa wa rangi gani, na mama yake alisimamisha cherehani amsikilize hadi mwisho, huku majirani wakitania kwamba huyu mtoto ataolewa na usingizi.

Alianza shule ya msingi Januari 1965 akamaliza Novemba 1971, na huko mwalimu wake wa darasa la tatu, badala ya kumchapa kwa kuchungulia nje, alilisogeza dawati lake likae karibu na dirisha, wema mdogo ambao mama aliutaja mpaka uzeeni. Sekondari alisoma mwaka 1972 hadi 1975, kisha mwaka 1976 akajifunza uchapaji, na tarehe 3 Oktoba 1977 akaajiriwa kuwa mchapaji katika ofisi ya stesheni ya reli, akapiga taipureta kwa miaka kumi na sita.

Alifunga ndoa na baba yetu tarehe 22 Desemba 1979, dereva wa lori la maziwa, mtu wa vichekesho, aliyekuwa akiondoka alfajiri viatu mkononi ili asimwamshe mkewe katikati ya ndoto, akisema akimwamsha atadaiwa mwisho wake. Baba alitutangulia tarehe 9 Juni 2010. Walijaliwa watoto watatu, wifi yangu muuguzi, shemeji yangu fundi umeme, na mume wangu, na wajukuu watano, na huyo mnayemsikia akilia huko nyuma ndiye wa tano, ni wangu, mwacheni tu, naye alimpenda bibi yake.

Tarehe 1 Februari 1994 mama alihamia kazi iliyowafanya mumjue, akiwa karani wa mapokezi kwenye kituo cha mafunzo ya wajasiriamali wa kijamii, yaani watu wanaofungua biashara ili iondoe shida fulani ya wenzao na wakati huohuo iwalishe wao wenyewe, kama yule mama anayetengeneza sabuni pamoja na wajane, au yule kijana anayewapelekea wazee miwani ya kusomea. Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya karakana ya seremala, sakafu ya mbao, randa ikilia chini mchana kutwa, na unga wa mbao ukipenya kwenye nyufa ukaelea katika mwanga wa dirisha, hata mgeni akiingia alidhani chumba kizima kinaota.

Mama alichapa notisi na kuchemsha chai, wataalamu wakifundisha. Wanafunzi walitoka na maneno magumu kichwani, wakamfuata kwenye birika wakinong'ona, "Dada, yule bwana amesema nini?" Naye hakuwafafanulia maneno, aliwaambia, "Fumba macho. Miaka kumi imepita, unafungua mlango wa biashara yako asubuhi. Nani wa kwanza kuingia? Ana shida gani?" Aliyeshindwa kumwona mtu huyo alitumwa akashinde naye siku nzima, kwenye benchi lake, bila kuuza wala kushauri, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkuu wa kituo alimsikia, na tarehe 5 Machi 2001 akamfanya mkufunzi na mlezi wa biashara, anayewatembelea wanafunzi wake makazini kwao kwa miaka miwili baada ya darasa, na siku ya somo lake la kwanza mkuu huyo alichemsha chai mwenyewe, ili mtu asije akamwita mama kwenye birika.

Sasa nasoma sehemu ambayo mama aliagiza isirukwe. Alisema historia ya mtu ikisomwa bila kosa lake, waombolezaji wanamzika mtu mwingine.

Mwaka 2013 katika darasa lake aliingia fundi viatu mmoja, mtu mkimya, aliyewashonea watu wenye mguu mmoja mfupi au miguu isiyolingana, kila kiatu peke yake, akipima kwa uzi na kuchonga kalibu ya mbao kwa kila mguu. Siku ya kufumba macho wageni walikuwa wamekuja kuangalia kama kituo kinastahili kuendelea kusaidiwa, na wenzake wote waliona umati mlangoni, foleni, magari ya mizigo, ila fundi alipoulizwa akasema, "Namwona binti mmoja." Darasa likacheka. Mama, akiona wageni nao wanatabasamu, akamwambia mbele yao, "Baba, ndoto yako ni nyembamba, biashara ya mtu mmojammoja haisimami, shona viatu vya shule, jozi kwa jozi."

Mama hakuwa amekwenda kukaa kwenye benchi la fundi huyo. Wengine wote aliwatembelea kwanza, yeye tu alimwacha, kwa kuwa kwake kulikuwa mbali na wiki ile ilikuwa ya wageni, na hata baada ya darasa hakufika. Naye fundi hakubisha, alimwamini mwalimu wake, akaenda akafanya kama alivyoambiwa, na hilo ndilo lililomuuma mama kuliko kama angekasirika.

Agosti 2016 bibi mmoja alipanda zile ngazi na mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka minane, kiatu kirefu cha mguu wake mfupi kimelika soli hadi ukingoni, akauliza kwa upole kama hapa ndipo kwa mwalimu wa fundi viatu, maana fundi alihama, na kabla ya kuhama aliwaambia hashoni tena vile viatu, mwalimu amemkataza. Bibi hakulaumu, alidhani pengine ni sheria. Mama aliwasindikiza, na walipofika mtaani akarudi akaketi kwenye ngazi, na seremala, alipomwona, alizima mashine zake zote bila kuuliza kitu, akamwacha akae katika kimya kile mpaka alipoinuka mwenyewe. Alipotoka mbio kumfuata yule bibi ampe walau ahadi, hakumkuta, wala jina hakuwa ameliandika.

Tangu siku hiyo alikuwa na hamu moja, ampate fundi, na watu wa fundi warudishiwe mtu wao. Aliulizia kwa wauza ngozi, wauza gundi, masoko ya jirani na ya mbali. Kila darasa jipya alilisimulia kosa lake kabla ya salamu kumalizika, na akaweka kanuni kwamba mlezi yeyote asifungue mdomo kabla ya kushinda kwenye benchi. Alistaafu tarehe 31 Machi 2017 lakini aliendelea kufundisha kwa kujitolea. Akilala mchana alikuwa akiamka akaniambia, "Mwanangu, nimesikia kiatu kimoja kinapanda ngazi," nami nikimjibu nyumba yetu haina ngazi, akacheka, akasema basi kimekosea mlango, kitafika.

Tarehe 11 Novemba 2024 madaktari walituambia moyo wake umetanuka. Januari 2025 mwanafunzi wake wa zamani, muuza sare za shule, alileta habari kwamba viatu anavyonunua vinashonwa na mtu mkimya mji wa tatu kutoka hapa. Mama hakuweza kusafiri, nikaenda mimi, mtoto mgongoni, nikiwa nimekatazwa kulipamba kosa. Nilimkuta fundi amezungukwa na viatu vyeusi, akanisikiliza bila kuinua kichwa, akampa mtoto wangu kipande cha ngozi laini achezee, kisha akasema, "Mwambie mwalimu sikumkasirikia. Hivi viatu vya shule vimenilishia watoto. Ila wale watu, kila siku nawaona wakija." Nikamuuliza kama atakuja. Akasema ataangalia.

Wiki tatu hatukusikia neno. Mama alidhoofika, akawa anaota macho wazi, anazungumza na baba, anaomba dirisha lifunguliwe unga wa mbao utoke, na kila gari likisimama nje aliuliza ni nani. Tarehe 20 Februari fundi alifika, begi begani, na mama akaniagiza niwaite majirani na wanafunzi wake wa karibu, tukajazana watu kumi na mmoja chumbani, ndipo akasema, "Nilikukosea mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu." Fundi akashusha begi lake chini, akasema, "Mwalimu, hata mimi nilikuwa na mdomo." Watu wakacheka, na mama akacheka na machozi. Mama akamwuliza anahitaji nini, hakumwambia afanye nini. Akajibu kwamba viatu vya shule hawezi kuviacha, siku moja kwa wiki anaweza, kama atapata mahali, na kama watapatikana vijana wawili wa kufundishwa kuchonga kalibu, maana yeye naye si wa milele. Mama akasema ataomba, haahidi.

Alinitamkia barua ya kwenda kituoni, nikaandika. Kituo kilileta vijana wawili, seremala akatoa kona ya karakana na mbao zake, na siku ya Alhamisi, tarehe 3 Aprili 2025, watu wanne walipimwa miguu. Jioni nilipompa mama habari hakuuliza ni wangapi, aliuliza aliyeingia wa kwanza alikuwa nani, nikamwambia ni mzee muuza magazeti, akataka nimweleze hata shati lake. Alhamisi zote zilizofuata aliuliza hivyo hivyo, kisha akauliza, "Na yule binti?" Nami kila mara nikasema bado, Mama.

Siku ya Jumamosi, tarehe 17 Mei 2025, saa nne asubuhi, baada ya kunywa uji nusu kikombe, alisema anasinzia kidogo, akanishika mkono, akaendelea kulala, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, miezi miwili na siku tatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa yule muuguzi aliyekuwa akipasha moto kipimo cha kifua kwenye kiganja chake kwanza. Tunawashukuru majirani mliotuchotea maji bila kutumwa, wafanyakazi wenzake wa kituo, wanafunzi wake wa madarasa yote, seremala, na fundi viatu, ambaye amekaa hapo mstari wa pili.

Yule binti hatujampata. Sasa atakuwa na miaka kumi na saba, mguu wake mfupi ni wa kushoto, na bibi yake alikuwa na sauti ya upole. Kama kuna mtu hapa anawajua, au atakutana nao njiani, tunaomba awaambie kwamba hakuna sheria iliyokataza, lilikuwa kosa la mwalimu, na mwalimu amelikiri, na kwamba fundi yuko karakana ya seremala kila Alhamisi, kuanzia saa mbili asubuhi. Alhamisi hii pia yupo, hatufungi kwa ajili ya msiba.

Lala Mama, kwa amani, sisi tutaendelea kumtafuta.