Nyama Iliyoozeshwa: Maisha ya Mama Musonda Chanda Dominique

Leo Jumamosi, tarehe 7 Machi 2026, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mvua iliyonyesha tangu alfajiri ikiwa imekatika na udongo wa makaburi bado umelowa, ukoo unawasomea maisha ya Mama Musonda Chanda Dominique.

Alizaliwa tarehe 12 Agosti 1969 huko Kasenga, mtoto wa tatu wa Mzee Chanda, fundi wa mitumbwi, akasoma shule ya msingi hukohuko tangu 1976 hadi 1982, kisha sekondari hapa Lubumbashi, ambako aliishia mwaka wa nne kwa kukosa karo. Mwaka 1988 alianza kuuza samaki wa moshi na wa chumvi, akiwaleta mwenyewe kutoka Kasenga kwa kupitia Kasomeno, na kwa miaka thelathini na saba hakuna mteja aliyemrudishia samaki aliyeoza.

Tarehe 16 Juni 1990 alifunga ndoa na Baba Floribert Kalenga, aliye mbele yenu, wakajaliwa watoto wanne, wa kwanza wao Mwenya.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa. Baba mdogo Rigobert, kwa heshima yake yote, aliomba tuandike "ugonjwa mfupi" ili tusitaje mambo ya wanawake mbele ya watu. Marehemu alikataa akiwa kitandani: "Museme yote, tena kwa sauti. Bamama ba soko basikie."

Basi sikieni. Mwezi wa Februari 2025, miaka mitatu baada ya hedhi yake kukoma, damu ilirudi, na kwenye kituo cha afya alichokwenda akaambiwa ni umri tu. Damu haikukoma. Jumatatu tarehe 9 Juni, kituoni hapohapo, walimkata kipande cha utando wa ndani wa mji wa mimba, na kwa kuwa formoli, dawa inayozuia nyama isioze, ilikuwa imekwisha, wakakitia kwenye maji ya chumvi, wakakiacha dirishani kwenye jua, kisha siku ya tatu wakampa Mwenya kichupa akipeleke maabara mwenyewe. Ndani ya teksi mama alikifungua, akanusa, akajua. Tarehe 20 maabara iliandika kwamba nyama imeoza, haisomeki, rudieni. Kituo kikaandika kwenye fishi yake ya matibabu: hakuna saratani.

Alirudi kesho yake, akasimama mbele ya daktari: "Docteur, samaki yangu inatoka Kasenga, inafika huku muzima. Nyama ya ndani yangu mwenyewe, siku tatu tu, munaiacha inaoza?"

Alijibiwa aje tena baada ya nusu mwaka: "Mama, rudi ku soko yako. Ukuye kisha miezi sita."

Akapewa vidonge vya kuongeza damu, akaendelea kuvuja. Tarehe 8 Desemba hospitali nyingine ilikata kipande cha pili, kikatiwa kwenye formoli palepale, na tarehe 18 jibu likasomeka: saratani ya utando huo, iliyokwisha kutoka nje ya mji wa mimba, na mpasuaji akasema kwa huzuni kwamba kisu kimechelewa. Alifariki Jumatano tarehe 4 Machi, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Tunawashukuru madaktari wa hospitali hiyo ya pili waliomwambia ukweli, majirani waliomfulia mashuka bila kukunja uso, na wauza samaki wenzake, ambao sasa hawalali kwenye kitanda cha kupimwa kabla ya kuuliza: "Formol iko?" Kituo cha kwanza hatukishukuru.

Mama Dominique, pumzika kwa amani, wewe uliyejua kutunza. Kati ya kichupa cha kwanza na cha pili tumehesabu mara mbili, tukitumaini tumekosea: siku mia moja themanini na mbili.