Mygale wa Anselme ni Bei Gani?

Pale barabara ya soko la Jabe inapopinda kuelekea Buyenzi, Mwanasiti huweka birika lake la kahawa ya tangawizi kabla jua halijapata nguvu. Mbele ya jiko lake kuna benchi la mbao ambalo watu wameliita Feu Rouge, yaani taa nyekundu, ingawa kona hiyo haijapata kuona taa ya barabarani hata ya kuchorwa. Ni kwa sababu kila apitaye husimama. Alhamisi hiyo asubuhi wenyeji walikuwa watatu. Honoré, fundi saa, anaitwa Saa Sita kwa kuwa saa ya mkononi mwake ilisimama hapo zamani na hajapata nafasi ya kuitengeneza. Ildephonse, karani mstaafu wa wizara, ni Dossier, maana hawezi kuzungumzia hata mvua bila kuifungulia faili. Fabrice ni Douane, yaani forodha, anachuuza vitenge akivuka mpaka wa Gatumba kwenda na kurudi, na jina lake hakuna aliyewahi kuliulizia maelezo. Wa nne alikuwa Anselme, mtunza bustani mzaliwa wa Fizi, mtu wa maneno machache. Alikuja amekumbatia sanduku la kioo lililofunikwa kitenge, akalilaza benchini kama mtu anayelaza mtoto, kisha akaketi kando yake.

— Kahawa, Mama Mwanasiti, alisema. Na munisaidie, bandugu. Saa ine kuko mutu anakuja kununua huyu. Mi sijue nimuambie bei gani.

Akainua kitenge. Ndani, juu ya udongo mkavu, alikaa buibui mkubwa kama kiganja cha mwanaume, mweusi, mwenye magoti mekundu na nywele mwili mzima. Fabrice aliruka hadi ng'ambo ya jiko, kikombe mkononi, bila kumwaga hata tone.

— Yesu! Hiyo ni nini?

— Mygale, alisema Anselme. Hauma batu. Ukimuachia amani, naye anakuachia.

Hapo ikambidi aeleze. Alikuwa akitunza bustani ya daktari mmoja mzungu aliyekuja kufanya utafiti wa magonjwa ya mihogo. Huyo ndiye aliyekuwa na mygale, alikuja naye akiwa tayari mkubwa. Mradi ulipokwisha, miaka sita iliyopita, mzungu alipanda ndege na sanduku likabaki kwa Anselme. Tangu hapo amekuwa akimkamatia mende na panzi, akimwekea maji katika kizibo cha soda. Sasa amepata kazi nzuri mtaa wa Kinindo, nyumba yenye bustani na chumba chake cha kulala, anaanza Jumatatu. Lakini madamu wa huko alisema wazi: mbwa sawa, paka sawa, hicho apana.

— Bon, alisema Ildephonse akirekebisha miwani. Tufungue dossier. Mali hii ni ya occasion. Imetumika. Kila mwaka bei inashuka asilimia kumi, sawa gari. Miaka sita, toa asilimia makumi sita.

— We unalinganisha munyama na Corolla? aliuliza Honoré.

— Corolla ingekuwa na spea.

— Apana, alisema Honoré. Mukubwa anapita mudogo kwa bei. Mutu akinunua ng'ombe mwenye kukamuliwa, atalipa sawa na ndama? Huyu ameshalishwa. Ule mende wote Anselme alikamata, njo uko ndani ya tumbo lake. Anselme, kwa juma alikula mende ngapi?

— Wawili. Juma lingine hata moja. Kuko wakati hakuli mwezi muzima.

— Mwezi muzima hakuli! Fabrice alirudi nusu hatua. Basi huyo anapita mbuzi. Mi napima hivi: mbuzi mwenye miguu ine, hapa sokoni ni faranga elfu mia tatu. Huyu ana miguu munane. Elfu mia sita. Haba na haba hujaza kibaba!

— Methali hiyo inaingilia wapi? aliuliza Mwanasiti.

— Kwa miguu, Mama. Inahesabiwa moja moja.

Anselme alicheka chini kwa chini. Kahawa ilikuwa moto, tangawizi inakwaruza koo vizuri, na jua la asubuhi lilikuwa limefika magotini mwake. Kusema kweli, hakuwa na haraka. Tangu juzi alikuwa akilala vibaya kwa ajili ya bei hiyo. Akisema ndogo, ataonekana amemtupa. Akisema kubwa, mnunuzi ataondoka, na Jumatatu itafika.

— Sikilizeni, alisema Honoré kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ya serikali. Kule Uvira kuko muzee aliuza mmoja wa hawa kwa mugeni, akajenga nyumba ya bati. Sumu yake wanatia mu dawa ya moyo. Tone moja, dola elfu.

— We ulimuona huyo muzee?

— Nyumba niliiona.

— Na ile uzi anatoa, akadakia Ildephonse, aliyesahau kabisa asilimia zake. Ile soie, hariri. Wanafuma nguo isiyopasuka. Ukivaa hiyo, unazikwa nayo, mujukuu anakufukua, anaivaa.

— Milioni moja na nusu, alisema Fabrice. Huyo mununuzi ni muzungu, si ndiyo? Atalipa. Usipoziba ufa utajenga ukuta!

— Ufa uko wapi, Douane?

— Kwa mufuko ya Anselme.

— Sijue kama ni muzungu, alisema Anselme. Alipiga simu. Madame Geneviève. Anaongea Kifaransa safi, sawa radio.

Hilo liliwatosha. Geneviève, Kifaransa cha redioni, mygale: mzungu mtupu. Wakakubaliana Anselme aanze na milioni mbili, ashuke hadi moja na nusu, na Fabrice ndiye atakayekuwa akitikisa kichwa kwa huzuni kila bei inaposhuka. Alikuwa na uzoefu.

— Lakini niwaambie kitu kimoja, alisema Anselme.

Wakamgeukia, maana hakuwa na kawaida ya kuanza maneno.

— Mwaka wa pili, nilimukuta asubuhi moja amelala mugongo chini, miguu juu. Amekauka. Mi nikasema, amekufa. Nililia, bandugu. Sidanganye. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikachimba shimo kadogo chini ya bougainvillea. Nikatafuta kitambaa cha kumufunga. Narudi hivi, nakuta bawili. Mmoja mutupu, sawa nguo yenye kuvuliwa. Mwingine kando yake, mupya, anang'aa, hana nguvu hata ya kusimama. Alikuwa anabadilisha ngozi. Kama ningekuwa na haraka ya kuzika, ningemuzika muzima.

 Mwanasiti alimwongezea kahawa bila kuombwa.

Saa nne kasoro kidogo, mwanamke mmoja aliteremka kwenye basi lililotoka Musaga, akavuka barabara akiwa amebeba ndoo ya plastiki yenye mfuniko uliotobolewa matundu. Alikuwa mweusi kama wao, wa miaka thelathini hivi, viatu vina vumbi. Benchi lilimtazama likidhani anatafuta pa kununua samaki.

— Amahoro. Papa Anselme ni nani hapa? Mi ni Geneviève. Nafundisha biolojia kwa lise, huko Musaga.

Fabrice, aliyekuwa ameshaanza kutikisa kichwa kwa huzuni, akaacha.

Geneviève alisalimia wote kwa mkono, akaanza na Mwanasiti. Kisha akapiga magoti mbele ya sanduku vumbini, akasogeza uso karibu na kioo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika nyumbani kwa rafiki. Anselme aliona hilo, akajikuta amekaa wima.

— Ni muzuri sana, alisema Geneviève. Papa, ni dume ao dike?

Anselme alimtazama Honoré. Honoré alimtazama Ildephonse. Ildephonse aliitazama saa ya Honoré, ambayo ilionyesha saa sita.

— Dume, alisema Fabrice. Si munaona nywele kwa miguu?

— Shangazi yangu pia iko na nywele kwa miguu, alisema Mwanasiti.

— Ni mukimya, basi ni dume, alisema Ildephonse.

— Ni mwenye hasira? Apana. Basi ni dike, alisema Fabrice, akiigeuka kauli yake.

— Douane, we una bibi kweli? aliuliza Honoré.

— Hamujue, alisema Geneviève, bila kuwacheka. Na bei yote inalala pale. Kama ni dume mukubwa, siku zake zimeisha. Anaweza kufa mbele ya Noeli, mi singetoa hata elfu makumi mbili. Kama ni dike, anaweza kuishi miaka kumi ingine, ao kumi na tano.

Anselme aliingiza mkono katika mfuko aliokuja nao begani, akatoa kopo la maziwa ya unga. Alikuwa ameleta kila kilicho cha mygale: kizibo cha maji, kipande cha chungu alichojifichia, na ndani ya kopo, juu ya pamba, ngozi ya mwisho aliyoivua. Hakujua ina kazi gani. Aliona tu si vyema kuitupa.

Geneviève alipoiona, alishika shavu.

— Papa! Nani alikufundisha kuiweka?

— Hakuna mutu.

Akaomba maji ya vuguvugu, Mwanasiti akampa katika kisahani. Akailowesha ngozi taratibu hadi ikalainika, akaikunjua kwa njiti ya kiberiti. Honoré alikwisha kuelewa. Alitoa mfukoni ile lenzi ya jichoni anayotengenezea saa, akaifuta kwenye shati, akampa kwa mikono miwili. Mwalimu aliinama. Benchi zima likainama naye, hata Fabrice, aliyekuwa ameusahau woga wake.

— Munaona hapa, ndani ya tumbo? Hii kamufuko kadogo. Dike njo anaweka mbegu ya dume humu. Dume hana, alisema akiinua kichwa. Ni mama.

Fabrice alipiga makofi. Ildephonse alitamka kwamba kuanzia mwanzo dossier ilielekea huko. Lakini mwalimu hakufurahi kama wao. Alimrudishia Honoré lenzi yake, akafuta mikono, akatoa bahasha.

— Papa Anselme, niko na elfu mia mbili. Zangu mia na makumi ine, batoto wa klabu ya wanyama walichanga ingine. Nikiambia we hii ni bei yake, nitakuwa nadanganya. Ni mingi kwa dume, lakini kwa huyu haitoshe. Sina ingine.

Fabrice alimkanyaga Anselme mguu. Angeweza kunyamaza tu, huyu mwalimu. Angeweza kusema dume, akatoa elfu ishirini, akaondoka, na hakuna mtu pale Feu Rouge ambaye angejua. Anselme aliwaza hilo huku mguu ukimuuma. Kisha akaacha kuwaza bei.

— Mwalimu, niulize kitu. Batoto wakipiga kioo na vidole?

— Anayepiga anatoka mu klabu.

— Wakati wa vacances, shule ikifungwa?

— Anakuja kwangu nyumbani. Mama yangu anamuogopa kwa picha tu, lakini amekubali.

— Siku utamukuta amelala mugongo chini, miguu juu, amekauka. Utafanya nini?

Benchi zima likamgeukia mwalimu.

— Nitafunga pazia. Nitakataza kelele. Sitamugusa hata na unyasi, siku muzima, hata mbili. Mpaka amalize kuvaa.

Anselme aliitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi. 

— Leta elfu mia na makumi tano, alisema. Ile makumi tano, panda taxi. Basi ya Musaga itamutikisa. Huyu akianguka hata kwa urefu wa kiti, tumbo inapasuka.

— Papa, si bei yake.

— Najua. Mi njo namuuza.

Hakuna aliyebisha. Hata Fabrice alikwenda mwenyewe kusimamisha taksi, akampigia dereva kelele hadi akakubali elfu thelathini na kuendesha kama amebeba mayai. Ndoo haikutumika, Anselme alimpa sanduku pamoja na yote yaliyomo, akaliweka mwenyewe kwenye kiti cha nyuma, akalizungushia kitenge kila upande. Alibaki ameinama pale mlangoni kwa kitambo, akiongea lugha ya kwao Fizi, maneno ambayo hayakuwahusu wengine. Kisha akafunga mlango.

Geneviève alishusha kioo.

— Papa Anselme, Jumamosi klabu inakutana. Batoto watauliza mambo mingi. Anakula namna gani, anavua ngozi namna gani, anaogopa nini. Mi nilisoma tu kwa kitabu. We ulikaa naye miaka sita. Utakuja kuwafundisha?

Anselme aliacha shule darasa la tatu, mwaka ambao vita viliwatoa kwao. Tangu hapo, shule ilikuwa kitu cha kupita kando ya ua wake, ukikata majani ya watu. Alitazama benchi apate msaada. Saa Sita, Dossier, Douane, watu wenye jibu la kila jambo chini ya jua, walitazama vikombe vyao. Vikombe vilikuwa vitupu. Mwanasiti aliinamisha birika, likatoa mashapo.

— Kahawa imeisha, alisema. Mujibu mwalimu.

Dereva alipiga honi kidogo. Anselme alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

— Saa ngapi?

— Saa tatu.

— Nitafika saa mbili, alisema. Na chaki, mwalimu, nilete yangu?

— Chaki iko, Papa.

Taksi iliondoka mwendo wa kinyonga, ikikwepa kila shimo. Anselme alisimama katikati ya barabara akiitazama hadi ilipokata kona, pikipiki zikimpita huku na huku, kofia ingali mkononi, na uso wake wote ukicheka.