Mama Chujio na Vinanda Viwili Vilivyolia Sawa

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya vinanda vya umeme, Mama Chujio anastaafu tarehe 30 Juni. Tunaandika haya kwa furaha, na kwa kushusha pumzi pia, maana mwezi uliopita nusura atuondokee kwa namna nyingine kabisa.

Aliingia hapa akiwa fundi wa kuunga nyaya. Bosi wa wakati huo akagundua kwamba binti huyu, akipita karibu na kinanda kinachojaribiwa, hukunja uso kabla kipimo hakijaonyesha kitu. Akamhamishia chumba cha kusikilizia. Huko ndiko amekaa hadi leo na kikombe chake cha chai kilichovunjika mkono, akiamua kinanda kipi kitoke na kipi kirudi kwa mafundi.

Jina alilipata kwa sababu ya wageni. Kila mgeni lazima aulize kwa nini tunatengeneza vinanda vya aina mbili, ilhali kazi ya chujio la sauti ni ile ile: kupitisha sauti nene na kuzuia zile nyembamba. Mama huguna kwanza, ndipo aeleze. Chujio, husema, ukililisha sauti kidogo kidogo lina adabu zake. Lishindilie uone! Kila moja hulemewa kivyake, na hapo tabia inatoka. Tena chujio hurudishiwa sehemu ya sauti yake lenyewe mpaka lipige mluzi. Lile la kinanda kikubwa, ukizidisha marudio hayo, besi yake inanywea na mluzi unatoka mtamu. La kinanda kidogo linabaki na besi yake, ila linakoroma na kupayuka. Kipimo kitakuambia yote mawili yamekata sauti mahali pamoja. Sikio litakuambia huyu ni shangazi na yule ni mjomba.

Kwa utani hatumwezi. Meneja wa mauzo aliwahi kukisifia kinanda mbele ya wateja, akibonyeza na kutikisa kichwa, kumbe hakijawashwa. Mama akanyoosha mkono, akakiwasha, akaenda zake.

Sasa hayo ya mwezi uliopita. Tulikuwa na oda kubwa, makasha yamekwisha kupangwa mlangoni. Mama akasikiliza kinanda kikubwa, akasikiliza kidogo, akarudia. Vikalia sawa. Alipofika nyumbani alimwambia mumewe, fundi cherehani, kwamba masikio yamemwisha. Kesho yake akaingia kwa meneja wa karakana kuomba aondoke kabla ya tarehe, bila sherehe wala keki, na oda ile asikilize mtu mwingine. Tuliomwona akitoka mle ofisini tulidhani amefiwa.

Aliyemburuta hospitali ni binti yake, muuguzi. Daktari akapima, akapima tena, akasema masikio ni mazima kabisa, laiti angekuwa nayo yeye. Mwingine angeshangilia. Mama Chujio alirudi kazini amefura kwa hasira, bado kavaa viatu vya kutokea, akidai bisibisi. Kama yeye ni mzima, basi wagonjwa ni vinanda.

Akafungua kikubwa, akafungua kidogo. Loo! Ndani mlikuwa na chujio la aina moja, lile la kinanda kikubwa. Sakiti za machujio ya aina zote mbili zina umbo sawa na huingia tundu sawa. Wenzetu wa kuunganisha waliletewa maboksi mawili ya aina moja, wakafunga kama kawaida, na kipimo kikapitisha kila kitu. Makasha yakarudishwa ndani, vinanda vidogo vyote vikafunguliwa. Mkuu wa kuunganisha alipomwendea kuomba radhi, alimkuta Mama analia na kucheka kwa pamoja. Mama akamwambia kwamba tangu aajiriwe hajapewa zawadi nzuri kama kosa lile.

Mama, asante kwa kazi, kwa masimango, na kwa kila kinanda ulichokirudisha kabla hakijatuaibisha. Ulitaka kupita mlango wa nyuma, kimya kimya. Tumekataa. Utaondoka siku yako, kwa mlango wa mbele, na mzee wako pembeni. Tunakuombea afya, mapumziko marefu na nyumba yenye vicheko. Na makofi haya tunayapiga kwa nguvu zote, kwa sababu tunajua unayasikia.