Walburga Metzler, Aliyevuka Daraja na Fungu la Nyama

Walburga Metzler alizaliwa tarehe 25 Februari 1941 kijijini Oberlitten, milimani Bregenzerwald nchini Austria, akiwa mtoto wa nne wa Bwana Josef Feuerstein na Bi Agatha. Siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Walburga, kwa hiyo jina halikumsumbua mtu. Theluji ilikuwa imefunga njia, na mkunga alifika amekalia sleji ya kubebea majani ya ng'ombe.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia 1947 hadi 1955. Alipenda hesabu na kuimba, akachukia ushonaji, na soksi alizofuma utotoni zilibaki kichekesho cha ukoo. Mwaka 1957 alijifunza kutengeneza jibini, na kwa miaka saba mikono yake ilinukia maziwa na chumvi.

Tarehe 9 Mei 1964 aliolewa na Gebhard Metzler, mfugaji, mtu wa maneno machache. Walijaliwa watoto watatu. Gebhard alifariki Novemba 1998. Walburga alikuwa akisema kwamba nyumba yao ilikuwa kimya hata mumewe alipokuwa hai, ila kimya kile kilikuwa na joto.

Mwaka 1984 alichaguliwa mwenyekiti wa chama cha bima ya ng'ombe cha Oberlitten, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Chama hakikuwa na tajiri aliyekimiliki. Wenye ng'ombe ndio waliokuwa wenye chama. Ng'ombe akivunjika mguu akalazimika kuchinjwa, wathamini walitaja bei, mwenye mali akalipwa, na kila nyumba ikanunua fungu lake la nyama, itake isitake.

"Mama, huyu ng'ombe ni rika langu!" mzee mmoja alilalamika siku moja.

"Basi mle kwa heshima," akajibiwa.

Austria ilipoingia Umoja wa Ulaya mwaka 1995, bima zikawa zinauzwa kutoka kila upande, na watu wa mjini wakavitabiria vyama kama hivi kifo cha haraka. Havikufa. Lakini kufikia 2011 Oberlitten ilibakiwa na nyumba kumi na saba tu zenye mifugo. Kampuni kubwa ya bima ya mjini ikajitolea kuwachukua wenye mazizi makubwa. Wenye ng'ombe watatu au wanne, kule juu kwenye miteremko, haikuwataka. Hao ndio waliomkosesha marehemu usingizi.

Septemba ile ng'ombe wa Bi Kreszenz, mjane, akaanguka korongoni. Alilipwa, ila nyumba zilikuwa chache na nyama ikabaki. Marehemu akaitia kapuni, akavuka daraja kwenda Ebnach. Vijiji hivyo viwili vilikuwa vikidhihakiana tangu enzi za mababu. Mlango alioubisha ulikuwa wa Engelbert Rüf, mwenyekiti wa chama cha huko.

"Bi Mwenyekiti! Umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimekuletea fungu lako."

"Mimi si mwanachama wenu."

"Ndicho kilichonileta."

Engelbert aliibonyeza nyama kwa kidole. "Ng'ombe wa Oberlitten hawa, wagumu kama kiatu."

"Chemsha taratibu, ndugu yangu. Na mdomo wako uutie humo humo, ulainike."

Alilipa. Wiki iliyofuata alikuja yeye, akiwa na neno zito: watu wake wangekubali kuungana, ila hawangekubali kuongozwa kutoka Oberlitten.

"Kiti chukua wewe," marehemu akamwambia. "Mimi niachieni uthamini."

Jioni ile alikaa zizini peke yake, paji la uso likiegemea ubavu wa ng'ombe. Mwanawe Anton alimwona, akapita bila kuuliza. Tarehe 1 Januari 2012 vyama viwili vikawa kimoja, na hakuna nyumba ya mteremkoni iliyoachwa nje.

Oktoba 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akaomba kuuguzwa nyumbani. Februari mwaka huu ng'ombe bora wa Anton aliteleza kwenye barafu akavunjika nyonga. Wathamini, kwa kumwonea mama huruma, walitaja bei nono. Aliwaita kitandani.

"Mmempandisha bei. Chuchu moja haikutoa maziwa. Punguzeni."

Wakapunguza. Siku ya kugawa nyama alimwuliza binti yake Pia, aliyekuwa dirishani, "Wa Ebnach wamekuja?"

"Wamejaa uani, mama. Wanagombania mbavu."

"Basi chama kipo," akasema, akalala usingizi mzuri.

Alifariki alfajiri ya tarehe 14 Machi 2023, akiwa na umri wa miaka 82.

Ameacha watoto Anton, Reinelde na Pia, mkwe wake Ludmilla, wajukuu watano, dada yake Bi Hedwig, na wanachama wa nyumba thelathini na tisa. Jeneza lake linabebwa na watu sita, watatu wa Oberlitten na watatu wa Ebnach, Engelbert akiwa mbele.

Mungu ampe Walburga pumziko jema.