Mwaka Mmoja wa Mbasela: Maisha ya Marehemu Bonaventure Kiyumba, Mwanamaji

Ndugu zangu, kabla sijasoma tarehe hata moja, nawaomba mumwone Bonaventure akifika. Ni asubuhi, saa kumi na mbili kasoro, pale mto Lukuga unapotoka ziwani. Suruali ameikunja mpaka magotini, daftari amelifunga ndani ya mfuko wa plastiki, kalamu iko sikioni. Anaingia majini polepole mpaka kwenye nguzo aliyoisimamisha mwenyewe na kuichora mistari, anainama, anasoma maji yamefika wapi, anaandika. Akigeuka anawasalimia wanawake wanaofua nguo, kisha anakwenda kazini. Wengi wenu hapa mlimjua hivyo. Mkishamwona hivyo, tunaweza kuendelea.

Marehemu Bonaventure Kiyumba alizaliwa Zongwe, kando ya ziwa, siku ya tarehe 9 Februari 1970. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Papa Michel Kiyumba, mfanyakazi wa bandari ya Kalemie, na wa Mama Godelieve, ambaye tuko naye hapa, amekaa pale mbele. Mtoto wa kwanza ni mimi Norbert, kaka yake mkubwa, au yaya kama alivyoniita, ninayewasomea. Tarehe hiyo niliyoitaja muiweke moyoni, kwa sababu nitairudia.

Shule ya msingi aliisoma Kalemie. Mwaka 1982 alipelekwa Moba kwa shule ya misioni, akisafiri kwa mtumbwi wa motari pamoja na magunia ya unga. Alipenda hesabu. Mapadri walimwachia ufunguo wa chumba cha vitabu, kitu ambacho watoto wengine hawakupewa. Lakini Oktoba 1985 Papa Michel alifariki, minerval, ile ada ya shule, ikakosekana, na Bonaventure akarudi nyumbani na sanduku lake akiwa amemaliza miaka mitatu tu ya sekondari.

Mwaka uliofuata, 1986, nchi ikiitwa bado Zaïre, jeshi la maji lilikuwa linaandikisha vijana hapa Kalemie. Walitaka mwenye miaka kumi na minane. Yeye alikuwa na kumi na sita. Mimi nilikuwa nimeshika nafasi ya baba nyumbani, midomo ilikuwa mingi, na mshahara wa jeshi ulikuwa na unga ndani yake. Nikamchukua mpaka kwenye biro ya eta-sivil, wanapoandikisha vizazi na ndoa, ili nimtafutie cheti cha kuzaliwa.

Kumpa miaka miwili kungetosha. Lakini mnajua sisi tunavyonunua dagaa sokoni. Mama anapima, anamimina, halafu unabaki umesimama na kapu lako mpaka aongeze kiganja kimoja cha mbasela. Bila mbasela unajiona umeibiwa. Na mimi nikaenda na tabia ileile mpaka mbele ya karani. Nikasema mtoto amezaliwa 1967. Miaka miwili ilikuwa ya lazima, wa tatu niliutia ili tusiwe na wasiwasi.

Karani alimtazama Bonaventure kutoka miguu mpaka kichwa.

"Huyu ana miaka kumi na tisa?"

"Ndiyo, Papa."

"Na ndevu zake zimebakia Zongwe?"

Watu wa foleni walicheka, mimi nikacheka nao, karani akagonga muhuri. Bonaventure alitoka akiwa ameishika ile karatasi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai.

Jeshini aliwekwa kwenye chumba cha mashine cha mashua ya doria. Kazi aliifanya vizuri. Lakini mwaka 1989, mwezi wa saba, upepo wa kusini ukiwa umeanza, ofisa mmoja mgeni wa ziwa hili aliamuru mashua itoke. Bonaventure alimwambia kwa heshima zote kwamba mawimbi yatawageuza kabla ya kufika rasi. Ofisa alimwuliza, "Wewe umesomea wapi?" Bonaventure akashuka kwenye mashine zake. Mashua ikatoka, na wawili hawakurudi. Jioni ile alinikuta bandarini, nguo zake bado zinachuruzika, akaniambia: "Yaya, mimi najua maji. Lakini pale juu wanasikia tu mwenye karatasi. Nitaitafuta hiyo karatasi."

Basi niwaeleze njia aliyoifuata, maana wengine walidhani alikuwa anasoma kwa kiburi. Mwanamaji wa chini anaweza kuwa ofisa, lakini ni lazima avuke milango mitatu. Wa kwanza ni diplome ya Leta, cheti cha serikali cha kumaliza sekondari. Yeye aliitafuta kama otodidakte, yaani mtu anayejifundisha nyumbani kisha anakwenda kufanya mtihani pamoja na wanafunzi. Mwaka 1991 alianguka. Mwaka 1992 alipita. Mlango wa pili ni gradua, miaka mitatu ya shule ya juu. Mlango wa tatu ni dosier, yaani maombi na vyeti vyote, kwenda Kinshasa, kwa chuo cha maofisa.

Alisoma gradua ya hesabu na fizikia hapahapa mjini, masomo ya jioni, baada ya kamanda wake kukubali asiwekwe zamu saa hizo. Kazi yake ya kumaliza gradua ilikuwa juu ya kupanda na kushuka kwa maji ya ziwa kwenye mdomo wa Lukuga. Ile nguzo ilianza hivyo. Wenzake jeshini walimwita Profesere. Moustapha, aliyekuwa anafanya naye kazi kwenye mashine, amenikumbusha jana maneno yao ya mezani.

"Profesere, ukimaliza kupima ziwa, pima na gamele yangu ya chakula. Maharagi yameshuka sana."

"Yako inashuka juu ya kula mbio, Moustapha. Hiyo haihitaji gradua."

Tarehe 10 Julai 1993, siku ya Jumamosi, alimwoa Mama Adija binti Zahoro, wa jamaa za wafanyabiashara wa ziwa. Mzee Zahoro aliuliza, "Askari gani huyu anabeba vitabu? Bunduki yake iko wapi?" Bonaventure akajibu kwamba ameiacha kambini ili asimwogopeshe baba mkwe. Mzee alicheka, na mambo ya Uislamu na Ukristo yakazungumzwa kwa chai, yakaisha. Mungu aliwapa watoto watatu.

Vita ya kwanza, ile ya 1996, ilikatiza masomo yake. Hata hivyo, tarehe 25 Julai 1997 alisimama mbele ya walimu wake na kuitetea kazi yake. Alipata distinction, alama za juu. Mama Godelieve, asiyejua Kifaransa, alikaa mstari wa mbele saa nzima akitikisa kichwa kukubali kila neno.

Mwanzoni mwa 1998 tangazo likafika kambini: wanamaji wenye gradua watume dosier. Mwenye kutuma asiwe amepita miaka thelathini mwishoni mwa mwaka huo. Hesabu ni rahisi, hata mimi niliyejifundisha kwenye magunia ya bandari naijua. Aliyezaliwa 1970 angekuwa na ishirini na minane. Ningetia ile miwili tu ya lazima, karatasi ingesema thelathini kamili, na mlango ungefunguka. Lakini karatasi ilisema 1967. Thelathini na moja.

Jibu lilifika Julai. Alinifuata bandarini, akakaa juu ya magunia ya saruji, akanipa barua niisome. Nilipomaliza aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Yaya, ule mwaka wa tatu ulikuwa wa nini?"

"Wa mbasela," nikasema.

Alicheka kidogo. Halafu akaacha kucheka, akaikunja barua, akaniuliza kama watoto wangu wamepona surua.

Palikuwa na dawa moja bado. Tribunali, yaani mahakama, inaweza kusahihisha mwaka wa kuzaliwa, kukiwa na ushahidi. Mimi ningesimama mbele ya jaji na kusema nilidanganya, nilikuwa tayari. Bonaventure alikwenda Moba, akapata cheti cha ubatizo chenye 1970, kimeandikwa na padri mwaka uleule. Tulipewa siku: Jumanne, tarehe 15 Septemba 1998.

Mnajua kilichotokea mwezi wa nane. Vita ya pili ilianza, na kabla ya Septemba mji wetu ulikuwa chini ya wakubwa wengine, wasioitii Kinshasa. Jumanne ile tulikwenda hata hivyo, mimi na yeye na Mama, tumevaa nguo za kanisani. Mlango wa tribunali ulikuwa na kufuli. Jaji alikuwa amekimbia. Tulingoja mpaka saa sita, tukarudi. Kinshasa ikawa mbali kama ng'ambo ya bahari, barua haziendi wala hazirudi.

Wakubwa wapya waliwataka wanamaji waendelee na kazi chini yao. Bonaventure alirudisha nguo za jeshi, zimefuliwa na kupigwa pasi, akasema atangoja nchi iwe moja. Walimfungia siku kumi na tisa. Alipotoka akawa fundi wa motari za mitumbwi, na kwa mikono hiyo aliilisha nyumba yake. Watu waliokimbia vijijini walipoanza kuja kwa njia ya ziwa, aliwatengenezea motari bila kuwauliza kitu. Na kila asubuhi aliendelea kusoma nguzo yake. Nilimwuliza siku moja anampimia nani, shule imekwisha. Akajibu, "Siku watakayoniita watauliza nilikuwa nafanya nini muda huu wote."

Hawakumwita. Tarehe 9 Februari 2001, Mama alimpikia samaki kwa sababu ya siku yake ya kuzaliwa. Alikula, akanawa mikono, akasema: "Mama, leo nimefika thelathini na moja ya kweli. Sasa hata ukweli wako umenipita." Kuanzia mwaka ule alikuwa amepita thelathini kwa kweli, na hata cheti cha ubatizo kisingemsaidia. Hakukitupa. Alikirudisha ndani ya bati tupu la maziwa alimotunza karatasi zake, pamoja na diplome ya Leta na gradua. Nguzo aliiendea bado, lakini Adija anasema daftari alilisahau nyumbani mara kwa mara, jambo ambalo zamani halikuwepo.

Januari ya mwaka huu homa ya matumbo ilimshika. Alipata nafuu, akarudi kazini mapema mno. Mwishoni mwa Februari ikamwangusha tena. Tulipomfikisha hospitali, Mama Françoise, muuguzi, alifungua kitabu cha wagonjwa akauliza, "Papa ana miaka ngapi?" Bonaventure alinigeuzia macho.

"Muulize yaya," akasema. "Yeye ndiye anajua kuhesabu."

Kwa miaka yote ile, hilo ndilo neno pekee chungu alilowahi kuniambia, na alilisema akitabasamu. Niliinama nikamvutia blanketi. Mama Françoise alingoja, kisha akaacha mstari mtupu na kuandika jina lake tu.

Alifariki jana, Jumamosi tarehe 9 Machi 2002, saa tisa ya mchana, Adija akimshika mkono. Hakuwa ofisa. Ningetamani kuwaambia kwamba kuna kitu kilichopona katika habari hii. Nimekitafuta usiku kucha, sikukipata.

Ameacha mama yake, Mama Godelieve; mjane wake, Mama Adija; watoto wake Claire, Zahoro na Mireille; mimi ndugu yake; na madaftari tisa ya maji ya ziwa ambayo hakuna aliyeyaomba. Udongo wa Kalemie umpokee taratibu, na huko anakokwenda asiombwe karatasi.

Limebaki jambo moja. Fundi Shaabani amechonga msalaba, amemaliza jina, lakini leo asubuhi tarehe hakuweza kuzimaliza. Aliniambia, "Papa Norbert, nimeacha nafasi. Nipe mwaka wa kuzaliwa." Nikawauliza wenye haki.

Adija akasema, "Andika 1967. Cheti cha ndoa kinasema hivyo, vyeti vya watoto vinasema hivyo. Kesho wakiniambia huyu wa kaburini ni mwingine, mimi nitakwenda kwa nani?"

Mama Godelieve akasema, "Mimi nilizaa 1970. Sikuzaa karatasi."

Wote wawili wanasema kweli, na mwenye kosa ni mimi, kwa hiyo si mimi wa kuchagua. Shaabani amesimama pale nyuma na patasi yake, anatusikiliza. Ninyi mliomjua, mliomwona kila asubuhi akisimama majini: tumwambie aandike mwaka gani?