Historia ya Ernestine Nabintu, Fundi Aliyeomba Kufutwa Orodhani

Ndugu, jamaa, majirani wa Buyenzi, na ninyi mlioacha vyerehani vyenu asubuhi hii, mimi ni Birindwa, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake kwa tarehe na mahali, jambo ambalo yeye mwenyewe angelipenda, kwa kuwa sote wawili tulilelewa na baba karani.

Dada yetu Ernestine Nabintu alizaliwa Kabare tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza kati ya watano, na tarehe hiyo haina shaka yoyote, maana baba aliiandika kwenye daftari la serikali kabla hajaenda kumwona mtoto. Alisoma shule ya msingi kwa masista mjini Bukavu kuanzia 1964 hadi 1971, mwaka mmoja wa ziada ukiwa ni wa vita wala si wa uzito wa kichwa chake, kisha akajifunza kukata na kushona katika shule ya ufundi hapo hapo Bukavu, akapata diploma tarehe 30 Juni 1975.

Mwaka uliofuata alihamia Uvira, akashona sare za shule kwa miaka ishirini na miwili, na tarehe 8 Julai 1978 alifunga ndoa na Pierre Mushagalusha, fundi mitambo wa Kiliba, wakajaliwa watoto wawili walio mbele yenu hapa, Benite aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1980 na Prodige aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 1984. Shemeji Pierre alitutoka kwa homa tarehe 3 Februari 1995.

Vita vilipofika Uvira, tarehe 11 Agosti 1998, marehemu alivuka mpaka wa Gatumba kwa miguu pamoja na watoto, mkasi ukiwa umefungwa ndani ya kitenge na diploma ikiwa imesahaulika kabatini, na baadaye alisema kwamba hata kama angekumbuka vyote viwili na kuruhusiwa kimoja, angechukua mkasi.

Hapa Bujumbura alipokelewa na Mzee Massoudi, muuza vipuri wa Buyenzi, ambaye alimpa pembe ya duka nyuma ya magurudumu, na humo, tarehe 6 Januari 1999, akafungua karakana yenye cherehani moja na wanawake watatu waliokimbia kama yeye. Nguo mpya zilikuwa adimu mjini kwa sababu ya vikwazo vya biashara, watumishi wa serikali walikuwa wamechakaza makoti yao, basi yeye akawafundisha wenzake kufumua koti lililopauka, kugeuza kitambaa ili upande wa ndani usioliwa na jua uwe wa nje, na kulishona upya na bitana mpya iliyotoka kwenye mitumba. Koti lililogeuzwa lina alama moja isiyofichika, mfuko wa kifuani huhamia kulia, na kufikia mwaka 2000 mifuko ya kulia ilikuwa mingi katika ofisi za mji huu kuliko ya kushoto.

Karakana ilikuwa na sheria moja tu, kwamba baada ya miezi tisa fundi anaondoka, apende asipende, akaanze kazi yake, na waliolia aliwaambia, "Mi si mama yenu, mama yenu alishamaliza kazi yake."

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi mmelisikia kwa namna ya mzaha, nami nitalisoma kama lilivyokuwa. Tarehe 17 Aprili 2001 marehemu alikwenda kwenye ofisi ya msaada kuomba jina lake lifutwe katika orodha ya chakula, kwa kuwa alikuwa anajilisha, na pia kwa kuwa ilisemwa kwamba walioko kwenye orodha hiyo watapelekwa kambini, mbali na wateja wao. Karani alitafuta sana, akakuta fomu ya kuingia, ya kuzaa na ya kupoteza kadi, ila ya kujitosheleza hakuiona.

"Mama, kutoka ni kurudi Kongo ao ni kufa."

"Basi andika yenye iko mwepesi."

Karani akaandika kifo, kwa mwandiko mzuri, na wanafunzi wake, kila mmoja alipomaliza miezi tisa, wakamfuata kwenye safu hiyo hiyo. Haikuwa kichekesho tu, kwani mnamo Novemba mwaka huo huo Lisette, mwanafunzi wake wa kwanza, alizuiliwa kutwa nzima kwenye kizuizi cha barabarani kwa kosa la kutembea na kadi ya maiti, na dada yetu aliapa kwamba hatapumzika mpaka watu wake waandikwe kuwa hai na kuwa wanajitegemea, yote mawili kwa pamoja.

Ofisi yenyewe ndiyo iliyomsaidia. Wanawake thelathini na mmoja walipokuwa wamekufa katika barabara moja, wote mafundi, mkubwa wa ofisi aliogopa kipindupindu, na tarehe 12 Machi 2003 alikuja mwenyewe Buyenzi na wapulizia dawa wanne, mapipa mgongoni, akauliza mlangoni ni nani amefariki.

"Ni siye wote, chef," marehemu akajibu bila kuinua mguu kwenye cherehani. "Mukaribie, mukae."

"Mama, mi sikuje kucheka."

"Hata siye hatucheke. Hiyo koti unavaa, ni maiti mbili ziliigeuza mwezi jana. Angalia mufuko yako."

Mkubwa akaangalia mfuko wake, uko kulia, wapulizia dawa wakageukia ukutani kwa heshima, na tarehe 2 Mei mwaka huo huo orodha ilipata safu mpya inayoitwa wanaojitegemea, jina la kwanza likiwa Nabintu, na hakuna hata mmoja wao aliyepelekwa kambini.

Marehemu alianza kuugua figo Februari 2005. Siku alipolazwa alimkabidhi Lisette funguo za karakana, akamwambia kwamba yeye mwenyewe, mwalimu, miezi tisa yake imezidi sana. Mwezi Mei Lisette alikwenda hospitalini akiwa na kanzu kuukuu ya padri, akitaka kuelekezwa namna ya kuikata iwe sare za watoto wawili, dada yetu akageuka ukutani, "We si fundi? Rudi kazini," na Lisette alitoka amekasirika kweli kweli. Tarehe 6 Juni alirudi na sare zote mbili. Marehemu alipitisha kidole kwenye kila mshono, mbele na nyuma, akazirudisha bila neno, na waliofundishwa naye wanajua kwamba hakuwahi kumpa mtu sifa kubwa kuliko hiyo. Kesho yake, Jumanne saa nne asubuhi, alifariki, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba, na nilipopeleka taarifa kwenye ile ofisi niliulizwa, "Tena?"

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miezi minne, Mzee Massoudi na majirani wa Buyenzi, Waislamu na Wakristo, waliopika na kukesha nasi, mafundi wenzake wote, pamoja na yule karani, ambaye yuko hapa na ameomba nisimtaje jina.

Wateja wanatangaziwa kwamba karakana itafunguliwa Jumatatu tarehe 13 Juni, saa moja na nusu. Nilimuuliza Lisette kama hawahitaji wiki moja ya msiba, akaniuliza marehemu angesema nini.

Dada, kazi inaendelea bila wewe, kama ulivyotaka. Pumzika kwa amani.