Sabuni Juu ya Sabuni

Mshonaji alikuwa anaenda kazini, lakini masikio yake yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele yake ndani ya basi. Mwanamke mwenye kilemba alimlalamikia abiria wa pembeni: sakafu ya plastiki aliyowekewa na mama mkwe imefifia, na mama mkwe huyo anafika jioni hii.

"Kila ikififia, dada, naongeza sabuni."

"Hiyo ni sabuni iliyogandana, mwenzangu! Huwa unaisuuza?"

"Niisuuze? Sabuni si ndiyo usafi wenyewe?"

Mshonaji aliinamisha kichwa. Hata yeye hakuwahi kusuuza.

"Pitisha kitambaa laini chenye maji ya vuguvugu na siki kidogo. Usiguse brashi ya chuma."

"Na kama nimeshaisugua kwa brashi hiyo?"

Basi lilisimama. Yule dada alichukua mkoba wake.

"Basi omba umeme ukatike jioni," alisema, akashuka.